Risasi Inayosalia Kasibani

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, haikupitisha nguo, shanga na pembe za ndovu peke yake, bali ilipitisha magobore na baruti pia; na vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, vilivyozuka mwaka 1871, vilipiganwa kwa silaha hizo za kushindiliwa kwa mdeki. Gobore, pamoja na aibu zake zote, lilikuwa na fadhila moja: masizi ya baruti yake huyeyuka katika maji ya moto.

Bastola ya silinda, ambayo leo mfanyabiashara mwenye leseni huifungia kabatini, haina fadhila hiyo. Risasi isiyovikwa shaba, itokapo katika silinda na kuruka ule mwanya mwembamba ili iingie kasibani, hupitiwa ubavuni na moshi mkali wa baruti, nayo, kwa kuwa ni madini laini yayeyukayo kwa nyuzi 327 tu, huacha utando wa kijivu mlangoni mwa kasiba na katika mifuo yake. Na utando huo, ukiachwa ukajilimbikiza, huharibu shabaha.

Maji hayaung'oi. Hapo ndipo wenye haraka, na haraka ni maradhi, hushika chuma na kukwangua, wakaiumiza kasiba; au huiroweka katika siki iliyochanganywa na haidrojeni peroksaidi, mchanganyiko ambao kweli huiyeyusha risasi, lakini huigeuza chumvi yenye sumu kali. Njia ya salama ni ya subira: baada ya kuikopoa silaha na kukitazama kila chumba cha silinda, kasiba hupakwa mafuta yakaachwa yapenye, kisha husuguliwa kwa brashi iliyozungushiwa nyuzi za shaba tupu, ambayo ni laini kuliko chuma, mpaka kitambaa kitoke bila weusi.

Lakini kasiba si hoja yangu kubwa. Vumbi la risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chake chochote kuwa ni salama. Basi anayeisafishia bastola juu ya meza ya chakula, kisha akala bila kunawa kwa sabuni, huidhulumu nafsi yake na ahali yake. Nawasihi wenye mamlaka ya leseni wasimkabidhi mtu silaha kabla hajafundishwa kuisafisha.