Usimlaumu mvuvi, angalia jembe lako

Ndugu mkulima wa kando ya Mto Gura, trauti waliletwa hapa mwaka 1905. Leo wakipungua unamlaumu mgeni mwenye nzi bandia. Huyo huvua mmoja mmoja kwa ndoana. Wewe unalima hadi ukingoni. Udongo unaingia mtoni na kuziba changarawe ambamo mayai ya trauti hupata hewa. Yanaoza kabla ya kuanguliwa. Umekata na miti. Maji yanapata joto, na trauti ni samaki wa maji baridi. Fisi-maji na mdiria wakikosa chakula watahama, na mgeni anayelipa kuwaona hatarudi. Sheria inataka uache angalau mita 6 kutoka ukingoni. Pima leo. Panda mianzi na miti ya kienyeji. Mto ukifa, kabeji zako utazinyweshea nini?