Yamezidi Mangapi?

Mtoto wa miaka sita pale Busia aweza kuhesabu maembe hata 20 bila kukosea. Akionyeshwa mafungu mawili, moja la maembe 8 na jingine la maembe 5, mara moja hutaja lililo kubwa. Lakini akiulizwa, "Fungu hili limezidi lile kwa maembe mangapi?" huenda akajibu, "Manane," au akayajumlisha yote na kusema, "Kumi na matatu." Asiitwe mjinga, maana kosa hilo lina sababu yake.

Mtoto amefundishwa kwamba kutoa ni kuondoa: palikuwa na maembe 8, yakaliwa 5, yakabaki 3. Katika kulinganisha hapana aliyekula wala aliyeuza. Mafungu yote mawili yangali mbele ya macho yake. Basi atajuaje kwamba hesabu inayotakiwa ni ile ile ya kutoa? Tena, akisikia neno "zaidi" hudhani ameambiwa ajumlishe.

Dawa yake ni kupanga. Mtoto ayaweke maembe 8 katika mstari, na chini yake yale 5, kila moja na mwenzake. Kisha aulizwe, "Mangapi yamekosa mwenzake?" Ataona 3, ndipo aandikiwe 8 − 5 = 3. Halafu swali ligeuzwe: "Fungu dogo limepungukiwa na mangapi?" Atatambua kwamba jibu ni lile lile. Mwisho ahakikishe kwa kujumlisha: 5 na 3 ni 8.

Kitu cho chote chafaa kwa somo hili: vizibo vya soda, punje za mahindi, hata foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka pale Malaba. Malori ya mafuta yakiwa 9 na ya makontena 6, yapi yamezidi, na kwa mangapi? Swali liulizwe kwanza kwa lugha ya nyumbani, Kiluhya au Kiteso, kisha kwa Kiswahili.

Jambo moja likumbukwe hasa mpakani: vitu vinavyolinganishwa sharti viwe vya kipimo kimoja. Noti ya shilingi 1,000 ya Uganda ina namba kubwa kuliko noti ya shilingi 100 ya Kenya, lakini thamani yake ni ndogo. Vivyo hivyo, gorogoro 5 za mahindi haziwezi kutolewa katika kilo 8 mpaka zipimwe kwa kilo.

Hesabu hii si mchezo wa watoto tu. Faida ya mfanyabiashara ni tofauti kati ya bei aliyonunulia na bei aliyouzia. Ajuaye kwamba ameuza kwa bei ya juu, lakini hajui imezidi kwa shilingi ngapi, hawezi kutambua kwamba nauli imekula faida yote. Samaki mkunje angali mbichi.