Kiatu Chako Kisafiri Nawe



Juma lililopita nililetewa suala ambalo halijapata kufika katika ukurasa huu. Mzazi mmoja hapa Mombasa ana binti anayesoma Uingereza. Wanafunzi wa chuo chao wamepanga kusafiri kwa ndege hadi milima ya Austria wakati wa baridi, wakacheze mchezo wa kuteleza juu ya theluji uitwao skii. Binti amekwisha nunua viatu vya mchezo huo kwa fedha alizozichuma kwa kazi za jioni. Anauliza: viatu vitiwe katika sanduku liendalo tumboni mwa ndege, au avichukue mkononi? Mamaye amemwambia avitie chini, kwani ni vizito na vya kuchekesha, na mkononi abebe nguo zake za thamani. Binti hakuridhika, ndipo mama akanitaka niwe mwamuzi baina yao.

Huenda wako watakaouliza, watu wa pwani na theluji wapi na wapi? Nawakumbusha kuwa Sabrina Simader, aliyebeba bendera ya Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi huko PyeongChang, Korea Kusini, mwaka 2018, alizaliwa Kilifi. Akihesabiwa ndiye mwanamke wa kwanza kuiwakilisha nchi yetu katika michezo hiyo. Na miaka 20 kabla yake, huko Nagano, Japani, mwaka 1998, Philip Boit alikwisha kutangulia. Wana wetu leo wametapakaa Ulaya na Amerika Kaskazini, na wanacheza wanayocheza wenzao. Basi suala la binti ni suala la haki, nalo lastahiki jawabu.

Jawabu langu ni kwamba binti amepata, na mama, pamoja na heshima zote anazostahiki, amekosea mizani. Sisi wengi hufunga mizigo kwa kutazama bei na fahari: kilicho kizuri hukumbatiwa, na kilicho kizito hutupwa chini. Mizani iliyo bora ni kujiuliza swali moja tu: ni kitu gani ambacho kikipotea, safari nayo imepotea? Hicho ndicho cha kuandamana nawe.

Tukitazame basi kiatu chenyewe. Kiatu cha skii kina sehemu mbili. Nje pana gamba la plastiki ngumu lenye bizimu za kukazia, na ndani mna bitana nene ya sponji iwezayo kutolewa. Bitana hiyo huumbika kwa mguu wa mwenyewe kadiri avaavyo. Tena mafundi wa viatu hivi aghalabu huipasha moto ili ichukue umbo la mguu wake, kifundo chake na vidole vyake. Hata kipimo chake si kile cha viatu vyetu vya kawaida, kwani huhesabiwa kwa urefu wa mguu kwa sentimita, kama vile 24.5 au 26. Kiatu kilichokwisha kuumbika hivyo hakina pacha dukani.

Tena kiatu ndicho kiungo baina ya mtu na mbao anazotelezea. Kila ubao una kishikio kinachokamata kiatu mbele na nyuma, na kishikio hicho hurekebishwa kulingana na urefu wa soli, uzito wa mchezaji, umri wake na ustadi wake. Mtu akianguka vibaya, kishikio hutakiwa kimwachilie mguu usije ukateguka au kuvunjika. Urefu wa soli, kwa milimita, huandikwa ubavuni mwa kiatu, mara nyingi karibu na kisigino, na fundi wa kukodisha mbao huutazama kabla ya kurekebisha kitu chochote. Kwa hivyo mbao, fimbo na kofia ngumu binti ataweza kuvikodi mlimani bila ya dhiki. Koti hata la rafiki litafaa. Lakini kiatu cha kukodi kikiwa kipana, mguu hucheza ndani na mbao hazitii. Kikiwa chembamba, damu huzuilika, vidole vikafa ganzi kwa baridi, na siku ya pili mtu hulala kitandani wenziwe wakiwa mlimani. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo, na hapa methali yenyewe imevaa soksi.

Simaanishi kwamba kila aendaye thelujini anunue viatu. Ajaribuye kwa mara ya kwanza na akodi, kwani hajui kama mchezo huo utamkubali. Na anayepitia Dubai akitaka kuonja theluji katika ukumbi wa Ski Dubai, uliofunguliwa mwaka 2005 ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates, hana haja ya kubeba kiatu, kwani huko viatu na nguo za baridi hutolewa pamoja na tikiti. Maneno haya yamhusu yule aliyekwisha kununua vyake na mguu ukavizoea.

Sasa tuje katika namna ya kuvifunga.

Kwanza, vikaushwe. Kiatu kilichofungwa na unyevu huvunda na kutoa harufu itakayowaudhi abiria wote. Bitana itolewe, iachwe mahali penye hewa usiku kucha, kisha irudishwe. Isiwekwe karibu na jiko wala hita, kwani moto mkali huharibu umbo lake.

Pili, bizimu zifungwe, lakini zisikazwe. Bizimu iliyoachwa wazi hunasa nguo au hupindika ikikandamizwa, na gamba lililoachwa wazi chini ya mizigo laweza kukaa upande. Zifungwe katika tundu la kwanza tu.

Tatu, tumbo la kiatu lisiachwe tupu. Soksi, glavu na nguo za ndani hukaa humo vizuri, zikalinda umbo la kiatu na kuokoa nafasi katika sanduku. Visitiwe humo vitu vya majimaji vinavyozidi mililita 100, kwani viwanja vingi bado huvizuia ukaguzini. Soli zifungwe kwa mfuko wa plastiki, na viatu vilazwe kimoja kisigino kingine kidole, ndipo vitoshee katika begi la mgongoni.

Nne, vipimwe kwenye mizani nyumbani. Jozi moja ya watu wazima aghalabu huwa na uzito wa kilo 3 hadi 5, na mashirika mengi huruhusu mzigo wa mkononi wa kilo 7 au 10 tu. Kila shirika lina sharia yake ya uzito na vipimo, na yale ya nauli nafuu huko Ulaya hupima bila ya haya. Asome masharti ya tikiti yake mwenyewe, asitegemee ya rafiki. Begi likizidi, avae koti lake zito mwilini na simu na kitabu avitie mifukoni.

Tano, aliye na viatu au soksi zenye vipasha moto vya umeme azitoe betri zake za lithiamu. Betri za akiba pamoja na pawabenki hazisafiri katika sanduku la chini. Huchukuliwa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, na kwa kawaida zisizidi wati-saa 100 ila kwa idhini ya shirika. Mbao na fimbo, kinyume chake, mahali pake ni chini.

Katika ukaguzi, bizimu za chuma huenda zikamfanya afisa ataka kulifungua begi. Alifungue kwa utulivu, kwani neno la mwisho ni la afisa. Na mlangoni pa ndege, wahudumu wakisema makabati ya juu yamejaa na baadhi ya mabegi lazima yashushwe, aeleze kwa upole kuwa ndani mna viatu vya mchezo anavyovihitaji. Wakishikilia, asigombane. Kabla ya kulikabidhi begi atoe pasipoti, dawa, fedha na betri zote.

Lau viatu itabidi viende chini, vitiwe katikati ya sanduku, vizungukwe na nguo pande zote. Karatasi yenye jina na namba ya simu iwekwe ndani pia, kwani kitambulisho cha nje hung'oka. Apige picha ya viatu na sanduku kabla ya kufunga, na risiti aihifadhi. Mzigo ukichelewa au ukiharibika, asitoke uwanjani kabla ya kuandikisha taarifa kwenye dawati la mizigo na kupewa nambari yake. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya imo, madai ya mzigo ulioharibika huandikwa ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa. Mzigo usiofika kwa siku 21 abiria ana haki ya kuudai kuwa umepotea. Kiwango cha juu cha fidia tangu Disemba 28, 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria mmoja, hicho kikiwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha Duniani. Cha mkononi kina hukumu nyingine: shirika huwajibika ikiwa kosa ni la watu wake, na ulinzi uliobaki ni wa mwenyewe. Lakini hakuna fidia iwezayo kumrudishia mtu siku sita za mlimani.

Limebaki jambo moja, nalo kwangu ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Nimesema kiatu hiki kina tumbo. Sisi watu wa pwani tuna desturi njema ya kupelekeana vitu: msafiri hatoki nyumbani ila amebebeshwa halua ya huyu, achari ya yule, na kifurushi cha jirani kwa mwanawe aliyeko ng'ambo. Desturi hii ni ya mapenzi, nami siipingi. Lakini ukipewa viatu vizito vya mtu, au sanduku lolote ambalo hukulifunga kwa mkono wako, vya ndani yake sasa ni vyako. Uwanjani huulizwa waziwazi: je, umefunga mzigo huu mwenyewe, na je, kuna mtu aliyekupa kitu umchukulie? Kikipatikana kitu cha haramu ndani ya bitana, neno la kusema "ni vya rafiki" halitamtoa mtu mikononi mwa askari, na katika baadhi ya nchi adhabu ya dawa za kulevya ni kifo. Familia huketi miaka ikilipa mawakili kwa ajili ya kifurushi ambacho mwenyewe hakupatikana tena kwa simu.

Kwa hivyo wazazi wawafunze wana wao kusema hapana bila ya kuona haya. Anayetuma kwa nia safi hatakasirika ukimwambia: "Naomba nikifungue nikitazame mbele yako." Bitana itolewe, vidole vipitishwe hadi ncha ya kiatu, sanduku la halua lifunguliwe. Akichukia, chuki yake ni nyepesi kuliko mashaka ya ugenini. Na kiatu ulichokifunga wewe kikae nawe, asikishike mwingine hadi umefika.

Basi kwa mama yangu aliyeniuliza: nguo za thamani zitiwe chini. Zikichelewa, binti ataazima au atanunua nyingine, na thelujini hakuna azitazamaye. Viatu abebe mkononi, pamoja na pasipoti, dawa na betri. Na wewe nawe ukiwa unafunga sanduku lako, iwe waenda Nairobi, Maskati au Toronto, jiulize swali lile lile kabla ya kuvuta zipu. Huenda kwako kitu hicho kikawa miwani, vyeti vya shule, au vidonge vya shinikizo la damu. Chochote kitakachokuwa, kiweke pale mkono wako unapofika.

Namtakia binti yetu safari ya salama, miguu iliyo na joto, na marejeo mema kwa wazazi wake. Wassalamu alaykum.