KOMPYUTA YETU HAIJAFA, TUIPIME KWANZA

Maoni ya Mwanachama



Hoja ya nne ya mkutano mkuu ujao inasema kompyuta ya chama iuzwe kwa bei yoyote itakayopatikana, fedha zirudi mfukoni. Sababu iliyoandikwa ni neno moja tu: "Haiwaki." Mimi naipinga hoja hiyo, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanyoosha mikono.

Tukumbushane. Kompyuta hii hatukuinunua nzima. Kamati ilinunua vipande vipande Kariakoo: kasha duka hili, mazabodi (lile bamba kubwa linaloshika vipande vyote) duka lile, pawasaplai kwingine, prosesa na ramu kwingine tena. Lilikuwa shauri zuri, maana bei ilipungua, na kipande kikiharibika unabadili hicho hicho tu. Vijana wetu wakaifunga hapa hapa ofisini. Kubonyeza kitufe, feni ikazunguka nusu raundi, ikakata. Mpaka leo ni hivyo hivyo.

Wajumbe waliporudi mjini, mwenye mazabodi alisema kosa ni la pawasaplai. Mwenye pawasaplai akasema kosa ni la vijana waliofunga. Fundi mmoja kule Posta akataka alipwe kwanza, hata skrubu moja hajagusa. Ndipo watu wakachoka, wakaanza kusema, eti, mambo ya kompyuta si ya kijijini.

Jamani, haraka haraka haina baraka. Mashine isiyowaka nayo ina dalili zake, kama mgonjwa. Hali ni tatu. Ya kwanza ni kimya kabisa: hapo umeme haufiki. Tazama soketi ya ukutani, tazama swichi ndogo iliyo nyuma ya pawasaplai, tazama na vile viwaya viwili vyembamba vya kitufe. Vikichomekwa kwenye pini za jirani, utabonyeza mpaka kesho. Ya pili, inashtuka kisha inakata. Ya tatu, feni zinazunguka vizuri lakini skrini ni nyeusi: mara nyingi ramu haijakaa sawasawa, au waya wa skrini umechomekwa pasipo pake. Na mashine zenye ramu mpya za DDR5, siku ya kwanza huweza kukaa dakika kadhaa kabla ya kuonyesha picha. Asiye na subira anaizima, halafu anasema imekufa.

Yetu ni hali ya pili. Maana yake nini? Maana yake umeme unafika na kitufe kinafanya kazi. Pawasaplai nzuri ina ulinzi ndani yake: ikihisi umeme unapita njia ya mkato, inajikata yenyewe isije ikaunguza vitu. Kwa hiyo huko kukata kwake kunaweza kuwa ni kutulinda, nasi tunataka kuiuza kwa kosa hilo!

Napendekeza tuipime kwa utaratibu huu. Waya uchomolewe ukutani kwanza, na anayeshika aguse bati la kasha ili umeme wa mwilini umtoke. Pawasaplai yenyewe isifunguliwe kamwe, maana hubaki na umeme ndani hata ikichomolewa.

Kwanza, tutazame waya wa prosesa, wenye matundu 4 au 8, unaoingia pembeni kabisa mwa mazabodi. Wengi huusahau wakishaona ule mkubwa wa matundu 24 umeingia. Yote miwili isukumwe mpaka ilie "ta!"

Pili, tuhesabu vinguzo vya shaba vinavyoinua mazabodi isiguse bati la kasha. Kimoja kikikaa pasipo na tundu la skrubu, au skrubu ikiangukia nyuma, hiyo ndiyo njia ya mkato.

Tatu, mazabodi itolewe, ilazwe juu ya boksi lake la karatasi, ibaki na prosesa, feni yake na ramu moja tu. Kasha liwekwe karibu ili viwaya vya kitufe vifike. Ikiwaka pale, kosa huenda lilikuwa kwenye kasha au kwenye kipande kilichotolewa. Isipowaka, tubadili ramu, kisha tundu la ramu, kisha tuazime pawasaplai nzima tujaribu. Kila hatua iandikwe daftarini, kimoja kimoja. Ukibadili vitatu kwa mpigo, hata ikiwaka hujui kilichoiponya.

Tukifanya hivyo, atakayerudi Kariakoo hatakwenda kubishana. Atakwenda na kipande kibovu mkononi na risiti yake.

Wapo watakaosema tumeishi na madaftari miaka yote. Kweli. Lakini leo Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wa kompyuta wa kusimamia vyama, MUVU, na karani wetu anapanda gari kwenda steshenari, analipa, na hesabu za korosho zetu zinasomwa na kila aliyepanga foleni nyuma yake. Je, huko ndiko kujitegemea?

Tena nchi yetu imeshapita njia hii. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Mfumo wa hesabu ukaja kushindwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wanaosimulia habari ile hutaja uhaba wa wataalamu wetu wenyewe, tukawa tunategemea wageni. Amri ikaja kulegezwa baadaye, lakini miaka ya kujifunza ilikuwa imepita. Chama chetu kisirudie jambo lile kwa udogo wake.

Kwa hiyo naomba mkutano uamue mambo matatu. Vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wakabidhiwe kazi ya kuipima mbele ya wanachama, mchana, mlango wazi. Risiti zote zikae kwa mtunza hazina. Na siku nyingine tukinunua, vipande vyote vitoke duka moja, viunganishwe na kuwashwa pale pale kabla fedha hazijatoka, na muda wa garantii uandikwe kwenye risiti.

Ikishindikana baada ya hapo, nitanyoosha mkono iuzwe. Lakini hapo tutakuwa tunajua kipi kizima na kipi kibovu, na vizima vitauzwa kwa bei yake.

Mwanachama mwenzenu.