Kupima Programu kwa Mbali: Nani Huulizwa Kibera na Kawangware?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yawahusu mno wabunifu wa programu za simu wanaopima wepesi wa matumizi yake kwa mbali: mtumiaji yuko Kibera, mpimaji yuko London, na baina yao pana intaneti tu. Njia hii huokoa gharama za safari na huwafikia watu wengi kwa muda mfupi. Hata hivyo, hunasa mguso wa kidole. Sababu ya kidole kusita haiinasi.

Historia ya M-Pesa yatoa funzo. Ilipojaribiwa mwaka 2005 na 2006, ilikusudiwa kuwawezesha wakopaji wa Faulu Kenya kulipa mikopo yao. Watumiaji wakabuni matumizi mengine, yakiwemo kutumiana fedha. Susie Lonie wa Vodafone, aliyesimamia majaribio hayo, alikuwa papo hapo Nairobi, na mabadiliko hayo hayakumpita. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, wito wake ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Mkazi wa Kawangware mwenye wazazi Kakamega hakuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Majaribio ya mbali huchukulia kwamba kila mtu ana simu yake, chumba tulivu na data ya kutosha. Kibera, simu moja yaweza kuhudumia jamaa nzima, na data hununuliwa kwa bando la saa chache. Aidha, adabu humzuia mwenyeji kumwambia mgeni kuwa kazi yake ina kasoro. Jibu "ni rahisi" laweza kuwa heshima tu.

Lugha nayo ina uzito wake. Vitabu vya shule hufundisha tarakilishi na puku. Mtaani husikika kompyuta na mausi, tena katikati ya Sheng. Mfasiri aliye mbali atajuaje neno ambalo mama mboga atalielewa anapothibitisha malipo? Akikosea, fedha zaweza kumfikia asiyehusika.

Kwa hivyo, majaribio ya mbali yaendelee, lakini yasiachwe peke yake. Awepo kando ya mtumiaji mtu anayeielewa lugha yake na hata kimya chake. Wanafunzi wa Kiswahili, hasa waliolelewa katika mitaa kama hiyo, wanaifaa kazi hii. Waitwe mapema, kabla programu haijakamilika, na walipwe ujira wa wataalamu.