Udhaifu wa Baadhi: Tabia ya Kanisa Inapoandika Upya Mafundisho Yake

Katika mijadala yetu ya dini na siasa kuna utetezi mmoja uliorudiwa mno kiasi kwamba ni wachache wanaouhoji. Kanisa linapotuhumiwa kwa kukumbatia watawala, kwa kubagua waumini au kwa kunyamaza mbele ya dhuluma, jibu huwa limeandaliwa: mafundisho ni safi, ila wanadamu ni dhaifu. Wanafunzi wangu hulitoa jibu hili semina baada ya semina, na wengi wao hulitoa kwa nia njema, kwa kuwa wanalipenda kanisa lililowalea.

Utetezi huo una ukweli ndani yake, kwani hakuna taasisi ya wanadamu inayoishi sawasawa na katiba yake. Tatizo ni kwamba unayachukulia mafundisho kama kitu kilichohifadhiwa kabatini, kisichoguswa na yale yanayotendeka ukumbini. Historia haikubaliani na dhana hiyo. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba tabia ya kanisa, ikiachwa bila kukemewa, haibaki kuwa kasoro ya kiutendaji. Baada ya muda huomba kuhalalishwa, kisha hupata wasomi wa kuitetea, na hatimaye huingia katika mafundisho yenyewe. Mfano ulio wazi zaidi ninaoufahamu ni ule wa Kanisa la Matengenezo la Kiholanzi la Afrika Kusini, linalojulikana kwa kifupi cha Kiafrikana kama NGK, kanisa ambalo Makaburu wengi walibatizwa, wakafunga ndoa na kuzikwa ndani yake.

Watu wengi hudhani kwamba kanisa hilo lilikuwa na mafundisho ya ubaguzi tangu mwanzo. Sivyo. Mwaka 1829 lilipoulizwa kama waumini weusi na weupe washiriki Meza ya Bwana pamoja, sinodi yake ilijibu kwamba Ushirika Mtakatifu utolewe kwa wote kwa wakati mmoja, bila kutazama rangi wala asili. Msimamo huo haukutolewa kama ushauri wa hekima tu. Ulitajwa kuwa kanuni inayotokana na Neno la Mungu. Kwa hiyo, katika karatasi, mafundisho yalikuwa sahihi.

Mashambani, hata hivyo, mambo yalikuwa tofauti. Baadhi ya walowezi hawakutaka kunywea kikombe kimoja na watu waliokuwa watumwa au vibarua wao. Manung'uniko yaliendelea, na mwaka 1857 suala likarudi mbele ya sinodi. Uamuzi wa mwaka huo unastahili kusomwa na kila mtu anayehudhuria vikao, awe wa kanisa au wa serikali. Sinodi ilikiri kwamba inafaa, tena ni kwa mujibu wa Maandiko, waumini wapya wapokelewe katika sharika zilizopo. Kisha ikaongeza kwamba pale ambapo, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi, utaratibu huo ungekwamisha kazi ya injili, waumini hao waweze kuabudu katika jengo lao tofauti.

Tutazame kilichotendeka hapo. Fundisho halikufutwa, bali lilithibitishwa katika sentensi ya kwanza. Sentensi ya pili ikafungua mlango wa pembeni. Tena udhaifu uliotajwa ulikuwa wa wale waliokataa kukaa na wenzao, lakini waliotakiwa kuhama ni wale waliokataliwa. Mwenye kosa alibaki kwenye kiti chake, na aliyekosewa akaonyeshwa jengo jingine.

Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wanaufahamu ugonjwa huu. Waraka hutolewa ukisema kanuni ni hii, isipokuwa pale ambapo mazingira hayaruhusu. Baada ya miaka michache, mazingira hayaruhusu mahali popote. Kibali cha muda huwa desturi, na desturi hudai heshima ya sheria.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1881 liliundwa kanisa tofauti, Sendingkerk, kwa ajili ya waumini wa mchanganyiko wa asili. Baadaye yakafuata makanisa ya Waafrika na ya Wahindi. Yaliitwa makanisa binti na lile la weupe likaitwa mama, ingawa ni mama aliyewalaza binti zake nje. Kizazi kilichozaliwa baada ya hapo hakikuikuta mipaka hiyo kama makubaliano ya udhaifu. Kiliikuta kama hali ya kawaida ya ulimwengu, na hali ya kawaida huhitaji maelezo yanayoistahi.

Hapo ndipo wasomi walipoingia, na hapa nazungumza na wanataaluma wenzangu. Wanatheolojia waliosomeshwa vizuri walirudi kwenye Biblia kutafuta msingi wa jambo ambalo tayari lilikuwa linatendeka. Kisa cha mnara wa Babeli kikasomwa kana kwamba Mungu alikusudia mataifa yatengwe milele. Fundisho zuri la kimisheni, kwamba kila watu wasikie injili kwa lugha yao, likageuzwa kuwa hoja ya kila watu kukaa na kanisa lao, shule yao na hatimaye ardhi yao. Ilipofika mwaka 1974, sinodi kuu ya NGK ilipokea waraka mrefu kuhusu rangi, taifa na uhusiano wa watu, ambao kwa lugha ya kitaaluma ulihalalisha maendeleo ya kutengana. Kilichoruhusiwa mwaka 1857 kwa kuwahurumia wenye udhaifu sasa kilisomeka kama mapenzi ya Mungu.

Siasa ilipita njia hiyo hiyo. D. F. Malan, aliyeongoza chama cha National kuingia madarakani mwaka 1948, alikuwa mchungaji wa kanisa hilo na mwenye shahada ya udaktari wa theolojia kutoka Utrecht. Kanisa lilikuwa limeiomba serikali kupiga marufuku ndoa za watu wa rangi tofauti, na mwaka 1949 sheria hiyo ikapitishwa. Ni kawaida kusema kwamba dola ililitumia kanisa. Katika mfano huu ni sahihi zaidi kusema kwamba kanisa lilitangulia kufanya mazoezi ndani ya kuta zake, na dola ikaja kuyatekeleza kwa polisi na magereza.

Wapo walioona hatari hiyo mapema. Mwezi Machi 1960 polisi waliwaua watu wasiopungua 69 huko Sharpeville. Desemba ya mwaka huo wajumbe wa makanisa ya Afrika Kusini wanachama wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni walikutana Cottesloe, Johannesburg, na kutamka kwamba hakuna msingi wa Maandiko wa kukataza ndoa kwa sababu ya rangi wala kumzuia Mkristo kuabudu katika kanisa lolote. Wajumbe wa NGK walikuwamo. Waziri Mkuu Verwoerd alikasirika, na mwaka uliofuata sinodi za kanisa hilo zikawakana wajumbe wake na kujitoa katika Baraza.

Mmoja wa wajumbe hao, Mchungaji Beyers Naudé, hakurudi nyuma. Huyu hakuwa mtu wa pembeni: baba yake alikuwa miongoni mwa waasisi wa Broederbond, chama cha siri cha Makaburu, na yeye mwenyewe alikuwa mwanachama. Septemba 1963 aliwahubiria waumini wake juu ya mitume waliokataa kuwatii wakubwa wa baraza pale walipoamriwa kumuasi Mungu, akaaga, na akapoteza haki zake za uchungaji. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1984 serikali ilimwekea marufuku ya kukutana na watu na kuzungumza hadharani. Kanisa lenye fundisho la kumtii Mungu kuliko wanadamu lilimwadhibu mchungaji aliyelichukulia fundisho hilo kwa uzito.

Kuna pingamizi ambalo ni lazima nilijibu. Msomaji anaweza kusema kwamba kwa hoja hii mafundisho hayana nguvu yoyote, ni pambo tu la maslahi. Sikubaliani naye, na ushahidi wangu unatoka katika makanisa yale yale yaliyoitwa binti. Waumini wa Sendingkerk walifundishwa katekisimu ile ile na waliisoma Biblia ile ile. Mwezi Agosti 1982, mjini Ottawa, Muungano wa Makanisa ya Matengenezo Ulimwenguni ulitamka kwamba apartheid ni dhambi, na kwamba kuitetea kwa hoja za kitheolojia ni uzushi. Makanisa ya weupe yaliyoitetea yakasimamishwa uanachama, na Allan Boesak, mchungaji wa Sendingkerk, akachaguliwa kuwa rais wa Muungano. Miezi michache baadaye sinodi ya Sendingkerk, iliyokutana Belhar karibu na Cape Town, iliandaa Ungamo la Belhar, lililopitishwa rasmi mwaka 1986. Ungamo hilo linatangaza umoja wa kanisa, upatanisho na haki, na kwamba Mungu yuko kwa namna ya pekee upande wa maskini na waliodhulumiwa.

Kwa hiyo mafundisho yana nguvu. Swali ni nani anayeyasoma na akiwa amesimama wapi. Aliyekuwa na kiti ukumbini alisoma Maandiko akaona utaratibu. Aliyetolewa nje aliyasoma hayo hayo akaona hukumu. Ndiyo maana kanisa linalojifungia na wenye nafasi tu hupoteza zaidi ya waumini. Linapoteza watu ambao wangeweza kuliambia kwamba linakosea.

Wala tusidhani kuwa kuwa na tamko sahihi kunatosha. Makanisa mengi yaliyotumia Kiingereza nchini humo yalilaani apartheid kwa maazimio, huku sharika zake zikiendelea kukaa kwa rangi na wachungaji weusi wakilipwa pungufu ya wenzao weupe. Waraka wa Kairos wa mwaka 1985 uliyakosoa makanisa ya aina hiyo kwa kuhubiri upatanisho wa juu juu usiogusa haki.

Toba nayo ina kipimo chake. Mwaka 1990, katika mkutano wa Rustenburg, Profesa Willie Jonker wa NGK alikiri hadharani dhambi ya apartheid, na Askofu Mkuu Desmond Tutu akaupokea ukiri huo. Novemba 1997 viongozi wa kanisa hilo walifika mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano huko East London. Hizo zilikuwa hatua za kweli. Hata hivyo, makanisa binti mawili yaliyoungana mwaka 1994 kuwa kanisa moja bado hayajaungana kikamilifu na mama yao. Kutamka kosa kulichukua siku moja, lakini majengo, bajeti na mazoea ya Jumapili havikuondoka kwa tamko.

Je, haya yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki? Mahakama ya kimataifa iliyoketi hapa Arusha iliwatia hatiani viongozi wa dini kwa ushiriki wao katika mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, akiwamo padri Athanase Seromba, ambaye waumini walikimbilia kanisani kwake Nyange wakaangamia humo. Mafundisho ya kanisa hayakuruhusu kamwe jambo hilo. Lakini kwa miongo mingi kabla yake shule za misheni zilikuwa zimewapanga watoto kwa misingi ya ukabila, na kwa miaka mingi Askofu Mkuu wa Kigali alikuwa mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala. Machi 2017 Papa Francis aliomba msamaha kwa dhambi za kanisa na za watu wake. Tabia ilikuwa imetangulia, maafa yalifuata.

Kwetu isipokuwa zetu ni ndogo zaidi, na kwa sababu hiyo hazitutishi. Ni kiti cha mbele kilichotengwa kwa mfadhili, bila kuulizwa fedha zake zimetoka wapi. Ni marehemu anayenyimwa ibada ya mazishi kwa kuwa kadi yake ya michango haikujazwa. Ni mwanasiasa anayepewa kipaza sauti madhabahuni kwa sababu ujenzi haujakamilika. Kila moja ina maelezo yake ya huruma: hali ya uchumi, mahitaji ya usharika, udhaifu wa baadhi. Kutoka hapo hadi fundisho kwamba utajiri ni dalili ya kibali cha Mungu si safari ndefu, na wapo ambao wamekwisha kufika.

Jambo hili linaweza kuzuiwa. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa michango iliyotolewa na Rais William Ruto katika moja ya parokia zake na kuagiza irejeshwe. Waumini wa parokia hiyo walikuwa na mahitaji halisi, na kukataa kuligharimu. Lakini ufa ulizibwa ukiwa bado ufa.

Kwa hiyo, ninawashauri wanafunzi na wanaharakati wanaotaka kulielewa kanisa lolote wasianze na katekisimu yake. Waanze na kumbukumbu za vikao na taarifa za mapato na matumizi. Watafute neno "isipokuwa", kisha waulize ni nani aliyeombewa msamaha huo na ni nani aliyetakiwa kuulipia. Na walio wajumbe wa vikao hivyo, ambao najua ni wengi miongoni mwa wasomaji wangu, wakumbuke kwamba wale wa mwaka 1857 hawakuwa wakiandika sera ya apartheid. Walikuwa wamechoshwa na manung'uniko, wakitafuta sentensi ya kuwawezesha kufunga kikao.