RUBANI ASIYEKAA KARIBU NA KAZI YAKE

Mfanya kazi akichelewa kazini, jambo la kwanza aulizwalo ni alikuwa wapi. Swali hilo ni la haki, wala hatulipingi. Lakini liko swali la pili ambalo waajiri hawalipendi: kwa nini mtu huyu anakaa mbali hivyo na kazi yake? Leo twataka kuliuliza swali hilo kwa habari ya watu ambao wengi wetu hatuwahesabu kuwa wafanya kazi wenzetu, yaani marubani wa ndege za abiria huko Marekani.

Huenda msomaji akashangaa. Rubani, mwenye kofia na mistari ya dhahabu mabegani, ana shida gani? Tumezoea kumwona akipita kiwanjani na mkoba wake, tukadhani nyumba yake iko pale nyuma ya kiwanja. Sivyo. Marubani wengi wa Marekani hawakai katika mji zinakoanzia safari zao. Kampuni humpa rubani kituo, tuseme Newark, jirani na New York. Naye nyumba na watoto wake wako Florida, au upande wa pili kabisa wa nchi. Siku ya zamu hupanda ndege kama abiria ili aende kuendesha ndege. Mara nyingi hana tikiti ya uhakika. Hungoja nafasi iliyobaki, au hukalia kiti cha ziada kilichomo katika chumba cha marubani. Ndege ikijaa, huachwa. Theluji ikifunga kiwanja, huachwa. Akiwahi kufika, hulala katika nyumba ya kupanga ambayo marubani wengi huichangia, vitanda vimepandana kama vya bweni la shule.

Watu husema, basi na wahame. Ni rahisi kusema. Tangu sheria ya mwaka 1978 ilipoyaachia makampuni ya ndege yajipangie yenyewe nauli na njia, makampuni hayo yamekuwa yakifa, yakiungana na kuhamisha vituo vyao kwa kadiri ya hesabu zao. Pittsburgh, St. Louis na Cincinnati zilikuwa ngome kubwa za safari za anga. Leo hazina cheo hicho tena. Mtu aliyenunua nyumba pale kwa mkopo wa miaka 30 afanye nini? Tena vituo hugawiwa kwa kufuata nani alitangulia kazini, na mgeni hupewa kile ambacho wakubwa wamekikataa, mara nyingi katika mji ambao kodi ya nyumba ni ghali kuliko yote. Kwa hiyo yule mwenye mshahara mdogo ndiye anayepangiwa mji wa matajiri.

Sasa tutazame akikosa zamu. Kampuni huwa na marubani wa akiba, wanaotakiwa kufika kiwanjani kwa muda mfupi wakiitwa. Akipatikana, ndege huondoka. Asipopatikana, abiria hungoja, na pengine safari hufutwa. Rubani aliyekosa hupoteza malipo ya safari hiyo, huitwa mbele ya mkubwa wake ajieleze, na jambo huandikwa katika faili lake. Akirudia, aweza kufukuzwa. Aliye katika mwaka wa majaribio hana kinga kubwa, maana katika mwaka huo chama cha wafanya kazi hakiwezi kumtetea kama kinavyomtetea mwenzake wa siku nyingi. Vyama vyenye nguvu vimepata kifungu kizuri katika mikataba: rubani aliyejaribu ndege mbili zilizoonekana kuwa na nafasi, akashindwa kwa sababu isiyo yake, akatoa taarifa mapema, haadhibiwi. Kifungu hicho kilipiganiwa mezani, mkataba kwa mkataba, na wapo marubani wasio nacho.

Basi mwenye hofu ya kukosa zamu hufanya nini? Huenda kazini hata kama hafai kuwa kazini. Hapa ndipo jambo linapotoka katika faili za kampuni likaingia katika nyumba za watu.

Tarehe 12 Februari 2009, saa 4:17 usiku, ndege ya kampuni ya Colgan Air iliyotoka Newark ilianguka juu ya nyumba moja huko Clarence Center, karibu na Buffalo, jimbo la New York. Walikufa watu wote 49 waliokuwamo, na mtu mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo. Kapteni alikuwa na makazi yake upande wa Tampa, Florida, karibu maili 1,000 kutoka kituo chake. Rubani msaidizi, mwanamke kijana, aliishi karibu na Seattle, zaidi ya maili 2,000. Usiku uliotangulia alivuka bara zima ndani ya ndege za mizigo, akipitia Memphis, akafika Newark alfajiri. Kapteni naye ilionekana kwamba aliitumia kompyuta ya kampuni saa 9:10 usiku, na palikuwa na dalili kwamba alikuwa akipumzika katika chumba cha wafanya kazi pale kiwanjani, mahali ambapo kampuni ilikataza watu kulala usiku. Ilikataza kulala, lakini kitanda haikutoa.

Yule msaidizi alikuwa na mafua. Katika mazungumzo yaliyonaswa na chombo cha ndege alieleza kwamba kama angejisikia hivyo akiwa nyumbani, asingekuja. Lakini akijitoa sasa kwa ugonjwa, itambidi ajilipie hoteli mpaka apone. Katika kikao cha hadhara cha Mei 2009 mshahara wake ulitajwa kuwa kiasi cha dola 16,000 kwa mwaka. Kampuni baadaye ilisahihisha, ikasema ni dola 23,900. Tuikubali hesabu ya kampuni. Hata hiyo haimtoshi mtu kupanga nyumba pembeni mwa New York, sembuse kulipa hoteli.

Hatutaki kuficha lililo kweli. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi, ilipotoa ripoti yake mwaka 2010, ilisema chanzo cha ajali ni kapteni kuvuta usukani nyuma wakati ndege ilipoonya kwamba inapoteza mwendo, badala ya kuusukuma mbele. Kuhusu uchovu, Bodi ilisema yamkini uliwapunguzia marubani uwezo wao, lakini haikuweza kupima ni kwa kiasi gani. Mwenyekiti wake, Deborah Hersman, alitaka uchovu uandikwe waziwazi miongoni mwa mambo yaliyochangia, wenzake hawakukubali. Sisi twaona Mwenyekiti alikuwa na haki. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha kuwa, kati ya marubani 137 wa kampuni hiyo waliowekwa Newark, 93 walitoka mbali, na 29 kati yao waliishi zaidi ya maili 1,000. Ikiwa theluthi mbili ya watu hawakai penye kazi yao, huo si uzembe wa mtu mmoja mmoja. Huo ndio mpango wenyewe wa kazi.

Jamaa za waliokufa hawakukaa kimya, na twawapa heshima yao. Kwa juhudi zao Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010. Kanuni mpya za mapumziko zikaanza kutumika Januari 2014: rubani apewe saa 10 za kupumzika kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa, tena kabla ya kila safari atoe tamko kwamba yuko tayari kwa kazi. Ni hatua kubwa. Ila ndege za mizigo ziliachwa nje ya kanuni hizo, kana kwamba rubani wa mizigo hasinzii. Na juu ya safari ya kutoka nyumbani hadi kituoni, wataalamu waliotoa ripoti mwaka 2011 hawakupendekeza amri mpya. Walitoa shauri tu, kwamba rubani ajitahidi kupata usingizi wa saa 6 kabla ya kuanza kazi, na ajipange asiwe macho zaidi ya saa 16 kabla ya zamu kwisha.

Shauri hilo ni jema, na rubani hana budi kulifuata. Anayeondoka kwake asubuhi ya zamu, akitegemea ndege moja tu na bahati, anacheza na roho za watu, huyo hatumtetei. Lakini kumtaka afike siku moja kabla ni kumtaka atumie siku yake ya mapumziko na fedha zake kwa faida ya kampuni. Nani alipe kitanda cha usiku huo? Hili ndilo lililoachwa bila jibu. Tamko la kuwa tayari nalo lina ugumu wake, maana mtu huulizwa kama amechoka na yule yule anayelitunza faili lake.

Mishahara imepanda, ni kweli. Mwaka 2022, marubani walipokuwa adimu, makampuni madogo yaliyo chini ya American Airlines yalifikisha malipo ya rubani msaidizi mpya kwenye dola 90 kwa saa. Fedha hizo hazikutoka kwa huruma. Zilitoka kwa sababu ndege zilikosa watu wa kuziendesha. Hata hivyo vituo vyaendelea kufungwa na kufunguliwa, na marubani waendelea kusimama mlangoni wakiuliza kama kiti cha ziada ki wazi.

Twaona vyama vya marubani vidai mambo mawili wakati mikataba inapofikiwa tena. Kwanza, kifungu cha kumkinga aliyeachwa na ndege kiwafae wote, hata aliye katika mwaka wa majaribio. Pili, kitanda cha usiku wa kabla ya zamu kilipwe na kampuni iliyochagua kituo. Wapo watakaosema gharama hiyo itaongezwa juu ya nauli. Na iongezwe, abiria aulizwe kama anapenda kulipa dola chache zaidi, au apendelea rubani aliyekesha.